Chumba cha Kona, Kinachotazama Kusini

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimeapa. Nikiwa bafuni, maji ya moto yamenifika shingoni, nimeapa: mke wangu Fusae atalala kwenye hoteli ya kifahari kabla hajapasuliwa goti. Si nyumba ya wageni ya karibu na kituo cha basi. Hoteli hasa. Yenye bawabu wa glavu.

Sababu ni Teiji. Sababu huwa ni Teiji. Huyu ni mwanyumba wangu, kamuoa Mutsuko, mdogo wake Fusae, na tangu astaafu benki hana kazi ila kulala kwenye mahoteli na kuja kutusimulia. Leo kaja na keki za maharage kutoka Yokohama na picha arobaini na moja za dirisha moja. Ghorofa ya hamsini! Mutsuko kasema taulo zilikuwa nzito hata kuziinua ni kazi. Fusae kazitazama picha zote, moja moja, hakuruka hata moja. Halafu kasema taratibu kwamba yeye angependa Osaka.

Nilidhani anasema ili asikae kimya tu. Walipoondoka akanieleza. Kabla hatujaoana alikuwa mwendesha lifti kwenye duka kubwa kule Osaka, miaka mitatu, glavu nyeupe na kofia. Saa ya chakula alikuwa akienda kula kwenye bustani ya mawaridi ya Nakanoshima, kile kisiwa cha katikati ya mto. Hajarudi huko miaka arobaini, yaani tangu anioe mimi, maana kusema kweli yeye ndiye aliyenioa. Mawaridi huchanua katikati ya Mei. Upasuaji ni tarehe kumi Juni.

Akasema: "Nataka nitembee mpaka kwenye yale mawaridi kwa goti langu mwenyewe, Baba Kiyomi. Sitaki kusukumwa. Wakishanitia la chuma, basi, hilo nitalitembeza kwingine."

Nilijifanya natafuta kikata kucha.

Kwa hiyo kazi ni moja: hoteli iliyo karibu na mawaridi kiasi kwamba goti la Fusae litafika. Na nani wa kuichagua kama si mimi? Miaka thelathini na minane nilikuwa dalali wa nyumba hapa Yonago, mpaka nikastaafu. Mimi na mahali tunajuana. Sitamwambia kitu mpaka siku yenyewe. Itakuwa zawadi.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimelipima goti. Kwa siri.

Mpango ulikuwa hivi. Nikamtuma Fusae kwa muuza tofu, nikasema nina hamu. Alipotoka nikachukua gurudumu langu la kupimia viwanja, lile lenye mpini na saa ya kuhesabu mita, nikamfuata kwa mbali. Nikajibanza nyuma ya mashine ya vinywaji. Nikajibanza nyuma ya gari la posta. Gari likaondoka. Nikainama kama nafunga kamba za viatu, nami nimevaa ndara.

Matokeo. Kwenye matangazo ya nyumba sisi madalali tunahesabu mita themanini kuwa dakika moja ya kutembea; ndiyo kanuni, nchi nzima. Taa za barabarani hazihesabiwi. Milima haihesabiwi. Fusae kwa mita themanini hutumia dakika nne na ushee, na bado husimama kuegemea sanduku la barua la kina Morioka. Kwa jumla, asubuhi goti lina mita mia nne, tena na vituo vitatu vya kupumzika. Baada ya hapo limekwisha mpaka kesho yake. Jioni halitaki hata kusikia.

Mita mia nne! Sikujua ni chache hivyo. Nilisimama pale njiani nikaitazama ile namba kwenye gurudumu. Kila siku tunakula meza moja, na sikujua.

Aliporudi, kafika usawa wa mashine ya vinywaji, hakugeuza hata kichwa. Kasema, "Baba Kiyomi, maadamu uko hapo, nibebee tofu."

Jumapili, 27 Aprili

Teiji kaja na kiti cha magurudumu. Kilikuwa cha marehemu mama yake. Kakifungua katikati ya sebule, kakizungusha, kakanyaga breki, kaonyesha mahali pa kuchomeka mwavuli. Kamwambia Fusae kwamba shemeji, ukienda Osaka na hiki utaumaliza mji mzima kwa siku moja, ya nini kujitesa. Hana ubaya, Teiji. Ndilo linaloniudhi zaidi.

Fusae kashukuru vizuri, kainama, kasema kinaonekana imara. Kisha kaenda jikoni. Nikasikia maji yanamwagika muda mrefu kuliko vikombe tulivyokuwa navyo.

Mutsuko akamtazama mumewe vile wanawake wa ukoo ule wanavyotazama. Ikabidi Teiji abadili mazungumzo, na mazungumzo yake mengine ni hoteli. Ipo moja Umeda, mtaa wa Osaka, kasema, katikati kabisa, dakika tatu tu kutoka kituoni, meneja anamfahamu. Nikasema nitaifikiria. Sitaifikiria! Lakini nimeweka nafasi, ili nikiikataa niwe nimeikataa baada ya kuiona. Nimeweka nafasi pia kwenye hoteli nyingine mbili, kwa majina tofauti kidogo. Isomura Tokuzo. T. Isomura. Bwana Isomura wa Yonago. Wasije wakaulizana.

Kiti nimekipeleka bandani. Kinabeba gunia la udongo wa maua bila shida yoyote. Baadaye nikamkuta Fusae anajipaka dawa gotini, kanipa mgongo. Nikamwambia kiti kimeshapata ajira. Akacheka, kile kicheko chake kidogo cha puani. Nakipenda sana kicheko kile. Sijui kwa nini simwambii, naliandikia daftari.

Jumatano, 30 Aprili

Osaka, kwenda na kurudi. Nimemwambia Fusae naenda Matsue kwenye mkutano wa madalali wastaafu. Kanifungia matonge ya wali yenye mwani, mawili ya kwenda na mawili ya kurudi. Kwenda Matsue ni nusu saa. Sijui alifikiri nini.

Mpango wangu wa leo ni wa kitaalamu. Kwenye choo cha kituo nilijifunga rula ya mbao kwenye goti la kulia, nikaizungushia bendeji, ili nitembee kama yeye. Gurudumu mkono mmoja, mkongojo mkono mwingine. Wataalamu wa hoteli hukaa kitini wakaandika. Mimi natumia mwili.

Hoteli ya kwanza, ya Teiji. Dakika tatu kutoka kituoni. Kweli tupu, ukianzia mlango wa mwisho wa kituo. Kuufikia mlango wenyewe, huko chini ya ardhi, na rula gotini: dakika ishirini na mbili, ngazi hamsini na nne, na mara mbili nimepita mbele ya muuza mikate yuleyule. Mara ya pili akanipungia. Huu ni utapeli! Nikasimama pale nikachemka. Halafu nikakumbuka kwamba nami nimeandika hivyohivyo kuhusu nyumba za nyuma ya kituo cha Yonago, tena kwa wino mwekundu. Hoteli nimeifuta.

Hoteli ya pili, ukingo wa kusini wa mto. Nzuri ajabu, marumaru mpaka chooni. Lakini bustani iko ng'ambo, na daraja lina mwinuko, na kushuka ni ngazi ishirini na mbili. Nilizishuka kwa makalio. Nimeifuta.

Hoteli ya tatu iko kisiwani penyewe. Kutoka mlangoni mpaka waridi la kwanza: mita mia tatu na tisini, tambarare, na mabenchi matatu ya njiani. Matatu! Nilipima mara mbili. Mawaridi yalikuwa bado vitumba, lakini nilimwona Fusae pale, nilimwona kabisa, kavaa kofia yake ya kamba. Nikataka kulia.

Sasa, kurudi kuingia hotelini kuulizia vyumba. Bawabu akaniona navuta mguu. Kabla sijafungua mdomo amenikalisha kwenye kiti cha magurudumu. Ningemweleza nini? Kwamba ni rula? Nikasukumwa hadi mapokezi, gurudumu langu la viwanja limelala mapajani.

Pale alikuwepo binti mmoja, Bi Anzai, mpole, kalamu tayari. Nikamweleza habari ya mke wangu na goti na miaka arobaini. Akasikiliza yote. Akasema angenishauri chumba cha upande wa kaskazini, kiko karibu na lifti, na mto unaonekana vizuri.

Nikacheka moyoni. Karibu na lifti! Mto unaonekana! Maneno hayo ndiyo niliyokuwa nikiwaambia wateja kila nilipokuwa na nyumba ya kaskazini imenidodea. Hakuna mtu mwenye akili anayekaa kaskazini. Nguo hazikauki, ukuta unaota ukungu. Nikamwambia binti, hayo nimeyasema kabla hujazaliwa. Mimi nataka chumba cha kona, kinachotazama kusini, ghorofa ya juu kabisa. Kama hakipo niambie.

Akasema kipo. Akauliza kama mama ana shida kutembea hata ndani ya jengo.

Nikamwambia ndani si tatizo. Ndani ni ndani. Katika kazi yetu hesabu huishia mlangoni.

Akaandika kila kitu, akainama. Ushindi mkubwa.

Alhamisi, 1 Mei

Goti langu la kulia haliwezi kukunjika. La kushoto nalo linaanza. Fusae kauliza mkutano ulikuwaje. Nimesema mrefu. Kanipa ile dawa yake ya kupaka, na wala hakuuliza kwa nini rula yake ya cherehani imepinda.

Jumatano, 7 Mei

Bwana Isomura wa Yonago amejitoa hoteli moja. T. Isomura amejitoa nyingine. Amebaki Isomura Tokuzo peke yake, tarehe kumi na tano na kumi na sita, kona, kusini, ghorofa ya thelathini na moja.

Leo nimemwambia Fusae, maana nimeshindwa kunyamaza. Nikamwekea karatasi ya hoteli chini ya bakuli la supu. Kaisoma. Kaweka mkono kifuani. Kauliza ni umbali gani mpaka kwenye mawaridi, nikasema mita mia tatu na tisini, akasema polepole, "Basi litafika." Hakuniuliza nimejuaje.

Baada ya chakula nikamkuta ukumbini anafanya mazoezi, kashika ukuta, anakunja na kukunjua, anahesabu kwa kunong'ona. Nikarudi nyuma kwa kunyata.

Teiji kapiga simu kutaka kujua hoteli gani. Nimemwambia mambo bado hayajaiva.

Alhamisi, 15 Mei. Osaka

Nina haya ya kuandika.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Treni vizuri, kubadilisha Okayama vizuri, nilikuwa nimeomba mabehewa ya karibu na lifti za kituo. Teksi mpaka mlango wa hoteli. Hatua sita tu chini ya paa! Bawabu akanifungulia, akanitambua, akaniuliza kwa huruma kama mguu umepona. Fusae akanitazama. Nikasema ananifananisha.

Bi Anzai mwenyewe akatupandisha. Ghorofa ya thelathini na moja. Lifti ikafunguka na Fusae akatabasamu, akasema hata sisi tulifunzwa kuisimamisha hivi, bila kushtua abiria.

Halafu nikaiona korido.

Sijawahi kuona korido ndefu hivyo. Chumba cha kona kiko konani, na kona iko mwisho. Hilo mtoto wa chekechea angelijua. Zulia nene, fimbo inazama. Bi Anzai akatangulia pole pole. Nikaanza kuhesabu, mazoea. Mita ishirini. Mita arobaini. Fusae akaanza kugusa ukuta. Kwenye mita sitini akasimama, uso umekuwa mweupe. Bi Anzai akasema anaweza kuleta kiti mara moja. Fusae akamjibu kwa upole kwamba hapana, asante, si kiti.

Nyuma mita sitini. Mbele mita thelathini na sita. Na katika fahari yote ile hakukuwa na hata kigoda.

Nikachuchumaa. Nikamwambia apande mgongoni.

"Watu watatuona," kasema.

"Watuone."

Akapanda. Nina miaka sabini na mmoja. Nilisikia kitu kinalia kiunoni, nikakidharau. Mita thelathini na sita na mke wangu mgongoni, fimbo yake ikinichapa paja, Bi Anzai mbele kabeba mkoba. Mume na mke wakatoka chumba kimojawapo, wakajibanza ukutani, wakatuinamia. Fusae naye akawainamia kutoka huko juu, ikawa karibu tuanguke sote wawili. Nikamsikia anacheka shingoni mwangu. Nilitamani korido iendelee kidogo.

Chumba kikubwa. Kona halisi, madirisha pande mbili. Nikafungua pazia mwenyewe, kwa madaha.

Ofisi ya bima. Jengo zima, karibu kiasi kwamba nilisoma tarehe kwenye kalenda yao. Kijana mmoja alikuwa anakula tambi za kikombe. Akaacha kula akatutazama. Jua hakuna, bima wamelikinga. Lakini ni kusini, hilo hakuna wa kulibishia.

Fusae kauliza mto uko wapi. Nikasema nyuma yetu. Na mawaridi? Nyuma yetu pia. Akauliza sasa kwa nini nilichagua upande huu. Nikasema kusini ndiko nguo hukauka.

"Baba Kiyomi," kasema, "hatujaja kuanika nguo."

Akampungia yule kijana wa tambi. Kijana akainama na kikombe chake. Fusae akacheka mpaka akakaa kitandani, kisha akashika goti na kicheko kikakatika. Nikapandisha nguo nione. Limevimba kama boga dogo. Na kesho ndiyo siku ya mawaridi.

Mimi ndiye. Nimelimaliza goti la mke wangu kwenye zulia. Nimepima mji mzima kwa mikono yangu, sikupima mahali pale tu ambapo binti wa watu alinionyesha kwa kidole.

Nikashuka mapokezi kumwambia Bi Anzai ukweli wote, hata rula. Nikauliza kama kuna chumba chochote karibu na lifti, hata cha kuwekea mifagio. Akasema kipo kimoja cha kaskazini, hatua nne kutoka lifti. Amekizuia kwa ajili yetu tangu tarehe thelathini Aprili, ikiwa bwana atabadili mawazo. Nikainama, kiuno kikagoma kurudi, wakanisaidia wawili.

Saa kumi na mbili. Tumeshahama. Chumba ni kidogo. Fusae kalala, barafu gotini, uso kaelekeza mtoni.

Ijumaa, 16 Mei. Osaka

Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu, mguu chini, anausikiliza. Sikuthubutu kupumua. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba: tutakuja mwakani, mawaridi hayaishi. Kasema tu, "Tujaribu."

Tukatoka saa tatu. Kofia ya kamba. Benchi la kwanza, akakaa. Benchi la pili, akakaa sana. Kati ya la pili na la tatu akasimama katikati ya njia, kashika mkono wangu kwa nguvu hata pete ikaniuma. Nikasema niite teksi. Akatikisa kichwa.

"Acha kuhesabu," kasema. "Ukihesabu naona ni mbali."

Kumbe nilikuwa nahesabu kwa sauti. Tangu mlangoni! Nikaacha. Nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yangu kutembea bila kujua nimefika mita ngapi. Kwenye benchi la tatu hakukaa. Alilipita hivi, kaligusa tu mgongo, na mara tukawa tumezungukwa: mekundu, ya njano, mengine rangi ya mashavu ya mtoto. Akanyoosha mkono akashika la kwanza. Amefika. Kwa goti lake mwenyewe.

Tukakaa kwenye benchi linalotazama daraja. Nilikuwa nimenunua mikate ya mayai, kama ile aliyokuwa akila enzi zake. Tukala. Watoto wa chekechea wakapita na mwalimu wao, kofia za njano, wameshikana mikono wawili wawili. Halafu Fusae akanieleza jambo ambalo hajawahi kunieleza.

"Barua yako niliisomea hapa," kasema. "Uliandika umetupatia nyumba, dakika tano kutoka kituoni."

Nikasema ilikuwa dakika tano. Kwa kanuni.

"Ilikuwa kumi na nane. Shangazi yangu alikuwa anakaa mtaa wa pili, nilimpigia simu siku ileile akaniambia."

Miaka arobaini! Nikamuuliza sasa mbona alikuja.

Akafuta makombo kwenye sketi yake, taratibu, yote. "Nilifikiri, mwanamume anayetaka nije kiasi cha kunidanganya dakika kumi na tatu, huyo nitaweza kuishi naye."

Nililia. Naliandika kama lilivyo. Nililia mchana kweupe, mkate mkononi, na mtoto mmoja wa kofia ya njano akamwuliza mwalimu babu yule ana nini. Fusae akamjibu yeye mwenyewe kwamba babu ana furaha, hajazoea.

Kurudi kwa miguu hakuahidi, kasema. Tukachukua teksi. Dereva akauliza wapi, nikamwonyesha jengo kwa kidole. Akalitazama, akatutazama, akasema sawa bwana, akaendesha polepole kama tunaenda mbali.

Mchana Teiji kapiga. Kauliza chumba kikoje. Nikasema kona. Nikaongeza: kusini, ghorofa ya thelathini na moja. Teiji kasema yeye kona ya kusini hajawahi kupewa hata mara moja. Fusae alikuwa pembeni yangu, anatazama mashua dirishani kaskazini, kajiziba mdomo kwa taulo. Taulo kweli nzito.

Jumatatu, 9 Juni. Yonago

Kesho saa tatu asubuhi wanampasua. Kalazwa leo. Kaniachia maagizo matatu: nimwagilie maua, nile, nilale nyumbani. Nyumbani ni dakika kumi na moja kwa baiskeli. Nimekubali yote matatu.

Saa tisa nikaingia hotelini.

Wangefanyaje wengine sijui. Mimi hoteli hii niliichagua wiki mbili zilizopita. Iko ng'ambo ya barabara ya hospitali, uso kwa uso na wodi. Nilijua atakuwa ghorofa ya sita, dirisha la pili kutoka kushoto, maana nilimwuliza muuguzi kijanja nikijifanya naleta taulo. Nikaomba ghorofa ya sita, dirisha la pili kutoka kulia. Nikasimama dirishani nikapunga taulo.

Mkono ukapunga! Moyo ulinienda mbio kama kijana. Nikapunga tena, akapunga tena. Robo saa nzima. Nikamwonyesha chakula changu cha boksi, akanionyesha bakuli lake. Nikambusu kwenye kioo. Akasita kidogo, kisha naye akabusu.

Simu ikalia. Fusae. Jirani kamwambia nyumba imefungwa, niko wapi. Nikamwambia kwa mahaba atazame dirishani, namwona.

Kasema amebadilishana chumba tangu mchana. Yuko upande wa pili, karibu na choo, anautazama mlima.

Nikauliza huyu ninayempungia ni nani.

"Bibi Nishio. Ana miaka tisini na miwili, hana anayemtembelea. Endelea kumpungia." Nikamsikia anavuta pumzi. Sauti ikashuka. "Kesho saa mbili uje unishike mkono kabla hawajanichukua. Naogopa kidogo. Sitaki kingine chochote, Tokuzo. Mkono tu."

Tokuzo! Sijaitwa jina langu na mke wangu tangu Kiyomi azaliwe. Nikasema nimeelewa. Mkono tu. Saa mbili nitakuwa pale, mikono yote miwili. Na kweli nimeelewa.

Ila nimekwenda kuutazama ule upande wa mlima. Hakuna hoteli. Kuna shule ya udereva, na uwanja wake wa mazoezi uko chini kabisa ya madirisha ya wodi. Nikaulizia. Kumbe sisi wa miaka sabini na kuendelea lazima tupite darasa la wazee, pamoja na kuendesha gari uwanjani, kabla ya kupewa leseni upya. Yangu bado ina mwaka na nusu, lakini niliomba sana. Nimejiandikisha darasa la kesho, saa tatu na nusu.

Najua atakuwa chumba cha upasuaji wakati huo, kalala, hasikii. Lakini wakimrudisha kitandani nitakuwa nimeshauzoea uwanja. Gari ni la njano, ataliona kwa urahisi. Nitazunguka raundi baada ya raundi, na kila nikipita chini ya dirisha lake nitapiga honi mara moja, kwa upole.

Mwalimu kasema honi ni marufuku karibu na hospitali. Tutaona.